Nyumba ya Saba

Kila tarehe saba Desemba, theluji haijakanyagwa bado,
Vaghinak hupeleka kondoo kanisani.
Kasisi Husik huibariki chumvi,
kondoo huilamba kiganjani mwa mchinjaji
kama mtoto aliyepewa peremende,
halafu kisu.

Nyama huchemshwa kwa maji na chumvi hiyo tu.
Hugawiwa nyumba saba. Haihifadhiwi, haiuzwi,
na isilale: iliwe siku hiyohiyo.

Mimi ni nyumba ya saba.

Wewe si mtu wa Gyumri, basi nikwambie Vaghinak ni nani.
Jengo letu la ghorofa tisa alilijenga yeye.
Kwenye karatasi, magunia elfu moja ya simenti.
Mia nne yaliingia ukutani.
Mengine yaliondoka usiku
yakarudi yakiwa gari jeupe na meno ya dhahabu,
na pengo likajazwa mchanga wa mtoni.
Tetemeko lilipokuja, saa tano na dakika arobaini na moja,
jengo halikupasuka. Lilimwagika,
kama sukari mfuko unapotoboka.
Derenik wangu alikuwa ndani, na mafua.
Mimi ndiye niliyemwambia: leo usiende shule.
Shule yake ilisimama.

Faili la kesi lilipotea. Nyama ikaanza kuja.

Miaka ya mwanzo nilimpa mbwa. Mbwa hakuuliza.

Wifi yangu Zaruhi, ambaye haingii kanisani hata kuota moto,
hunipigia simu kila Kwaresima:
“Mwizi wenu anafunga siku arobaini!
Jina lake liko kwenye marumaru, mlangoni!
Samaki mmoja akioza, Siranush…”
Nikamkata kauli: imani si kapu la samaki.
Nikakata na simu.
Usiku sikulala. Jibu lilikuja upesi mno,
na jibu la upesi nalijua, lina mchanga ndani.

Kwa sababu Vaghinak anaimba vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi.
Angekuwa anakoroma, angekuwa anachungulia saa,
ningesema mnafiki, nikapumzika.
Lakini sauti yake hupanda mpaka kwenye kuba
na zaburi haimkimbii mdomoni.
Hutokwa na machozi. Nimeyaona. Ni maji kweli.

Baada ya tetemeko alikuja mhandisi na nyundo ndogo.
Aligonga mabaki, akapukuta vumbi kwenye karatasi,
akalipima. Hakusema simenti ni uongo.
Aliuliza: humu ilitiwa kiasi gani?
Nimelishika swali hilo miaka yote hii
kama mtu anavyoshika ukingo wa ngazi gizani.

Ila mhandisi alikuwa na nyundo.
Kasisi Husik ana nini?
Ana patasi ya kuchonga jina.
Chumvi siilaumu; haikuchagua kondoo.
Mkono ulioibariki bila kuuliza, huo naulaumu,
na mkono huo una pete ya kanisa langu,
na mimi huibusu.

Mwaka huu mjukuu hakuja. Alikuja mwenyewe,
sufuria limefungwa taulo, nyusi zimejaa theluji.
Amezeeka. Nusura nimwambie karibu.
Nikasema: “Vaghinak, magunia mangapi?”
Alitazama viatu vyake. Akatazama vyangu.
“Itapoa,” akasema,
akaliweka sufuria kizingitini, akashuka ngazi
akizihesabu kwa fimbo.

Nilichovya kidole kwenye mchuzi.
Chumvi ilikuwa chumvi.

Jua lilikuwa limebakiza kama upana wa mkono
nilipofika kanisani. Husik alikuwa akizima mishumaa
kwa vidole, kama kawaida yake, bila kuungua.
Nikaweka sufuria juu ya marumaru, juu ya lile jina.
“Nyumba ya saba imekataa?” akauliza.
“Nyumba ya saba imeuliza,” nikamwambia. “Bado haijajibiwa.”
Akafunua taulo. Mvuke ukampanda usoni.
“Sasa nifanye nini na hii?”

Wewe ndiwe kasisi, nikasema. Unaijua sheria.
Isilale.